Kajiado Iliyosomwa Ughaibuni: Kutoka Daftari la Gregory Hadi Simu ya Mwalimu

Anayejenga Kitengela, kaunti ya Kajiado, huanza kwa kuwalipa vibarua wachimbe udongo na kuutupa. Udongo wenyewe ni ule mweusi ti ambao mafundi kote Kenya huuita bleki koton. Mvua ikinyesha huvimba na kung'ang'ania buti. Jua likiwaka hukauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba ikikalia udongo huo, kuta hazikawii kutoa ufa. Basi shimo la msingi huteremka futi baada ya futi hadi sululu igonge mwamba, na kila futi ina bei yake. Muulize fundi kwa nini udongo wa hapa ni mweusi na ule wa Kiambu ni mwekundu, atakwambia ndivyo Mungu alivyouumba. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu wa ploti ya jirani huenda akawa na jibu, tena kwa Kiingereza safi, kwa kuwa alilikariri: miamba ya volkeno mahali ambapo maji hayapati njia ya kupita huzaa udongo mfinyanzi mweusi, na ileile ikiwa kwenye miteremko yenye kupitisha maji huzaa udongo mwekundu. Hajaambiwa tu kwamba sura ile ya kitabu inazungumzia shimo la baba yake.

Pengo hilo kati ya kitabu na shimo halikuletwa na walimu wa leo. Lina zaidi ya miaka 130, na limezunguka Vienna, London, Baltimore na Minneapolis kabla ya kufika kwenye skrini ya simu.

Mwaka 1883 Gustav Fischer, Mjerumani, na Joseph Thomson, Mskoti, waliingia nchi ya Wamaasai kila mmoja na msafara wake. Miaka michache baadaye Sámuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel wakapita hadi kwenye ziwa ambalo leo ni Turkana. Walirudi na ramani, vipimo vya mwinuko na vipande vya miamba. Matokeo ya safari hizo yalimfikia Eduard Suess, mtaalamu wa miamba wa Vienna ambaye hakuwahi kukanyaga eneo hilo, na mwaka 1891 akatoa hoja kwamba mabonde, maziwa na volkeno za upande huu wa Afrika ni mfumo mmoja wa mpasuko unaoelekea Bahari ya Shamu. Bonde letu lilifasiriwa mezani, na mtu asiyeliona.

Aliyekuja kuliona ni John Walter Gregory wa jumba la makumbusho la London. Mwaka 1893 safari aliyokuwa amealikwa ya kwenda upande wa Wasomali ilisambaratika, naye badala ya kurudi kwao akajitafutia wapagazi wapatao 40 wa pwani na kushika njia ya bara. Njia ya misafara kutoka Kibwezi ilikatiza nyanda za Kapiti na Athi, yaani hapa hapa tunapozungumzia, kisha ikapanda Kikuyu na kuteremka Naivasha. Gregory aliendelea hadi Baringo. Alichofanya kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kutenda: alilinganisha matabaka ya miamba ya kuta za bonde na ya sakafuni, akaona kwamba ardhi ya katikati haikuchimbwa na mto, bali ilididimia kati ya mipasuko inayokwenda sambamba. Kitabu chake, The Great Rift Valley, kilitoka mwaka 1896, na tangu hapo ulimwengu mzima umelitumia jina alilolipa bonde. Mawe yalishuka pwani yakiwa yamebebwa na wapagazi, yakapanda meli.

Mwaka 1911 mambo mawili yaliipata Kajiado. Mkataba wa pili wa Wamaasai na Waingereza uliwahamisha waliokuwa Laikipia na kuwaleta kusini, kwenye hifadhi iliyojumuisha nchi hii. Na kampuni ya Magadi Soda ikaanzishwa. Serikali iliyokuwa ikisema nchi ya kusini inawatosha wafugaji ilikuwa wakati huohuo ikikata kipande chake chenye utajiri. Reli ya kutoka Konza kupitia Kajiado hadi Magadi ilimalizika mwaka 1915, na mji wa Kajiado ukakua kandokando ya kituo chake. Ziwa lenyewe ni somo zima la kemia lililowekwa wazi juani: chemchemi za moto zilizo ukingoni humwaga maji yenye magadi, joto la bondeni, mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, huyakausha, na hubaki ganda jeupe la trona ambalo unene wake mahali pengine hufikia mita 40. Mahali palipochimbwa, ganda hujijenga tena. Magadi hayo ndiyo yanayolainisha maharagwe jikoni, na yakichomwa kiwandani huwa malighafi ya vioo na chupa.

Gregory alirudi mwaka 1919, sasa akiwa profesa Glasgow, na katika safari hiyo akaona zana za mawe huko Olorgesailie, kando ya njia ya Magadi. Aliandika, akapita. Kitabu chake cha pili kuhusu mabonde haya kilichapishwa mwaka 1921; mwaka 1932 alikufa maji katika mto mmoja nchini Peru, akiwa bado kwenye utafiti.

Zana zile zilingoja hadi 1942. Vita vya Pili vikiwa vinaendelea, Mary na Louis Leakey walizunguka kwenye mashapo ya Olorgesailie, wakakuta mahali palipotapakaa mashoka ya mkono, mengi kiasi cha kukosa pa kukanyaga. Baadhi ya kazi ya kuchimba ilifanywa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Uamuzi walioufanya baadaye naupenda kuliko ugunduzi wenyewe: sehemu kubwa ya mawe hayo hawakuyaondoa. Mwaka 1947, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, eneo hilo lilifunguliwa kuwa makumbusho ya wazi.

Mgeni akisimama leo kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa huona chini yake mamia ya mawe yenye umbo la tone la maji, mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, yaliyochongwa pande mbili hadi yakatoa makali. Mengi ni ya lava ya Mlima Olorgesailie wenyewe, volkeno iliyozimika inayoonekana hapo nyuma. Kandokando kuna tabaka jeupe. Ukiligusa linaacha unga kidoleni. Si chokaa. Ni magamba ya mwani mdogo usioonekana ila kwa hadubini, yaliyotuama chini ya ziwa ambalo halipo tena. Mwalimu mwenye basi na siku moja anaweza kufundisha hapo volkeno, mashapo, mipasuko na mabadiliko ya hali ya anga bila kufungua kitabu. Glynn Isaac, aliyekuwa mlinzi wa maeneo haya ya kale kuanzia 1961, alitumia miaka kulisoma eneo hilo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1977. Richard Potts wa Smithsonian ya Washington amekuwa akichimba hapo kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya tangu 1985.

Huku nyuma serikali ya kikoloni ilikuwa imeunda idara ya jiolojia mwaka 1933, baada ya dhahabu ya Kakamega kuwatia watu wazimu. Wataalamu wake waliigawa nchi kwa miraba na kuitembea mraba kwa mraba. B. H. Baker alichapisha ripoti ya Magadi mwaka 1958, namba 42 katika mfululizo; ya eneo la Kajiado, namba 70, ikatoka mwaka 1966 kwa jina la F. J. Matheson. Kila moja ilikuja na ramani ya rangi ambayo sentimita moja yake ni kilomita moja na robo ya ardhi.

Ukizisoma ripoti hizo ukiwa ndani ya matatu ya kutoka Kitengela, barabara inabadilika. Nyanda za Kapiti na Athi kuelekea Isinya zimetandikwa lava iitwayo fonolaiti, yenye umri wa miaka milioni 13 hivi. Vunja jiwe la Kapiti uliweke kwenye mwanga: ndani yake kuna fuwele bapa, nyingine ndefu kama ukucha, zinazometameta ukiligeuza. Fuwele hizo zilipata nafasi ya kukua polepole chini kabla ya lava kupanda juu na kuganda haraka, na hiyo ndiyo habari yote ya mwamba wa volkeno, imeandikwa kwenye jiwe la kujengea. Ukikaribia mji wa Kajiado lava inakwisha na unateremka miaka zaidi ya milioni 500: miamba ya naisi na marumaru, mabaki ya milima mikubwa iliyolika hadi mizizi. Marumaru hiyo ilikuwa mawe ya chokaa ya sakafu ya bahari kabla ya kupikwa na kukandamizwa. Jamii hiyo ya mawe ndiyo inayolisha viwanda vya saruji vya Athi River. Kisha geuka magharibi kuelekea Magadi, na ardhi inashuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ni mpasuko, juu ya lava changa za miaka milioni moja hivi. Siku moja ya safari, na enzi tatu za dunia.

Ripoti hizo zilikaa maktabani. Shule hazikuwa nazo, na hata zingekuwa nazo, ziliandikwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu. Mwaka 1967 mambo yaliendelea vilevile kwa kiwango kikubwa zaidi: Hans Eugster wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alitangaza katika jarida la Science madini mawili mapya kutoka Magadi, akayaita magadiaiti na kenyaiti. La kwanza ni laini na jeupe likiwa bichi. Likipoteza sodiamu yake hugeuka jiwe gumu la jamii ya gumegume. Ugunduzi huo uliwapa wanajiolojia wa mabara mengine njia ya kufasiri miamba ya kale sana iliyofanana na hilo. Duniani kote mwanafunzi wa shahada ya jiolojia hulisikia jina Magadi. Huku Kajiado, mtihani ulimtaka mtoto ataje matumizi mawili ya magadi.

Somo la ardhi kwa shule za Kenya liliingia kupitia Jiografia. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, iliandaa mitaala na vipindi vya redio, ambavyo kwa shule nyingi za mashambani vilikuwa nyenzo pekee isiyokuwa chaki. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na KCSE ya kwanza kufanywa mwaka 1989, mpangilio ulitulia: miamba na madini Kidato cha Kwanza, volkeno na mitetemeko cha Pili, mmomonyoko, mito na udongo cha Tatu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na swali la kazi ya nyanjani. Wengi tuliosoma enzi hizo tunajua siri ya swali hilo: linaweza kujibiwa na mtu ambaye hajatoka nje ya lango. Unaandika kwamba ulifanya uchunguzi wa awali, ukaandaa hojaji, ukakumbana na mvua, na alama zinakuja. Ilikuwa jiolojia ya kubuni katika kaunti ambayo jiolojia halisi iko chini ya dawati.

Intaneti ilianza kuingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, na somo la ardhi lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kupanda humo. Mradi wa GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na kuanza kazi mwaka uliofuata, uliwataka wanafunzi wa nchi mbalimbali wapime mvua, joto na udongo na kutuma takwimu kwa kompyuta, ambako wanasayansi wangezitumia. Kenya ilijiunga mapema. Wazo lilikuwa zuri mno kwa wakati wake: mtoto hapokei tu, anachangia. Ila kutuma kulihitaji stima, laini ya simu na modemu, na hivyo vitatu kwa pamoja vilikuwa adimu mara tu ulipoiacha lami ya barabara ya Namanga.

Mwongo uliofuata ulikuwa wa vyombo. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kusambaza kompyuta zilizokarabatiwa. Kuanzia 2005 mpango wa NEPAD ukachagua shule sita za mfano nchini: Menengai, Chavakali, Maranda, Mumbi, Isiolo na Wajir. Kajiado haikupata hata moja. Karibu na mwaka 2010 KIE ilianza kutoa masomo ya kidijitali ya sekondari kwa sidi. Kebo za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, na bei ya mtandao, ambao hadi wakati huo ulitegemea setilaiti, ikaanza kuteremka. Halafu mwaka 2016, baada ya ahadi ya vipakatalishi kuzungushwa miaka mitatu, zaidi ya vifaa milioni moja vikaanza kupelekwa shule za msingi za umma. Watoto wa darasa la kwanza walipata tabiti. Mwalimu wa Jiografia wa upili, ambaye somo lake linalilia picha, hakuwemo kwenye hesabu.

Yaliyomsaidia yalikuja bila sherehe. Google Earth ilitoka mwaka 2005. Mwaka 2008 Marekani ilifungua bure hifadhi nzima ya picha za Landsat, setilaiti zilizoanza kuipiga picha dunia mwaka 1972, picha ambazo kituo cha kikanda cha Kasarani, Nairobi, kilichoundwa mwaka 1975, kilikuwa kikizishughulikia kwa ajili ya wataalamu. Mwaka 2013 zikaunganishwa kuwa filamu inayoanzia 1984. Weka Kitengela katikati ya filamu hiyo uiache iende. Mwanzo ni nyika ya malisho ambayo nyumbu wa mbuga ya Nairobi waliteremkia wakati wa mvua. Ranchi ya jumuiya inagawanywa ploti mwishoni mwa miaka ya 1980, eneo la viwanda vya kuuza nje linafunguliwa Athi River mwaka 1990, na mabati yanaanza kumeta kandokando ya barabara ya Namanga kisha yanaenea kama upele. Sensa ya 2019 ilihesabu Kitengela zaidi ya watu 150,000. Hakuna kitabu kinachoweza kumwonyesha mtoto jambo hilo kwa sekunde thelathini, na hakuna mtoto wa Kitengela asiyetafuta kwanza paa la kwao.

Ardhi nayo haikungoja mtaala. Julai 2007 mitetemeko ilianza upande wa Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, ng'ambo tu ya mpaka kusini mwa Magadi. Tarehe 17 ulikuja mkubwa zaidi, wa kipimo cha 5.9, na ofisi za Nairobi zikamwaga watu barabarani. Mwezi Septemba volkeno jirani ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Siku zile mtu mwenye intaneti aliweza kufungua ukurasa wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, akaona kila mtetemeko ukiwa nukta kwenye ramani, na akajaza fomu kueleza alivyousikia. Mwaka uliofuata utafiti katika jarida la Nature ulitumia vipimo vya setilaiti kuonyesha kilichotokea: ardhi iliteleza polepole kwenye mpasuko, na magma ikajipenyeza chini kwa chini bila kufika juu. Bonde la Ufa lilikuwa limejipanua mbele ya macho ya walio hai. Sijui somo bora la Kidato cha Pili kuliko hilo, na takwimu zake zote bado ziko wazi.

Machi 2018 ukaja upande wa pili wa sarafu. Baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Picha zilizunguka dunia kwa siku chache, na kichwa cha habari kilikuwa kimoja: Afrika inagawanyika mara mbili. Wanajiolojia kadhaa walijitokeza kusema polepole jamani. Hakukuwa na mtetemeko uliorekodiwa wa kueleza ufa huo, na eneo lile limejaa majivu ya volkeno ambayo maji huyasomba chini kwa chini hadi juu pakaporomoka. Bara linatengana kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Mwanafunzi aliyeitafuta habari hiyo kwenye simu alikutana na uvumi kwanza, na maelezo sahihi ukurasa wa tatu. Hapo ndipo thamani ya mwalimu inapoonekana kuliko ya bando.

Mwezi huohuo, Machi 15, Science ilichapisha makala tatu kuhusu Olorgesailie: zana za aina mpya, rangi za kusagwa na mawe meusi ya kioo yaliyoletwa kutoka mbali, yote ya miaka 320,000 hivi iliyopita. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kikosi cha Potts kilikuwa kimetoboa bonde la Koora, karibu na Olorgesailie, na kutoa nguzo ya mashapo ya mita 139, kumbukumbu ya miaka milioni moja ya mvua na ukame. Mwaka 2014 mradi mwingine ulitoboa Magadi, mita 194. Mashapo hayo yalipelekwa Minneapolis, kwenye ghala maalumu la Chuo Kikuu cha Minnesota. Safari ya mawe ya Gregory ilirudiwa, ila safari hii kwa ndege na majokofu.

Tofauti ni kwamba sasa kuna njia ya kurudi. Smithsonian imeweka mtandaoni zana na mafuvu ya pande tatu ambayo mtoto anaweza kuyageuza kwa kidole. Louise Leakey na Turkana Basin Institute walifungua africanfossils.org, mkusanyiko wa visukuku na zana za Afrika Mashariki ambao mtu anaweza kuupakua, kuuchapisha kwa mashine ya pande tatu, au, kwa shule isiyo na mashine, kukata vipande vya katoni na kuviunganisha. Hiyo ya katoni ndiyo naiona kazi ya mtu aliyewahi kuingia darasa la Kenya. Ripoti nyingi za ile idara ya 1933 zimeskaniwa, baadhi kwa juhudi za maktaba ya udongo ya ISRIC huko Wageningen, Uholanzi.

Mfano mwingine wa kusifiwa ni TAHMO, mradi wa vituo vya hali ya hewa wenye makao Nairobi, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon. Lengo lake ni vituo 20,000 barani, na vingi vya Kenya vimesimikwa kwenye viwanja vya shule, kwa kuwa shule ina ua, ina mlinzi na ina macho ya watoto. Kituo chenyewe ni kopo jeupe juu ya mlingoti lisilo na sehemu yoyote inayozunguka. Mvua huingia kwenye faneli, ikatoka tone moja moja, na kila tone likigusa nyaya mbili huhesabiwa. Hesabu hupaa kwa mtandao wa simu. Ndoto ya GLOBE ya 1995 ilikuwa sahihi. Ilikosa laini ya simu ya bei nafuu tu.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Taasisi ile ya mitaala, ambayo tangu 2013 inaitwa KICD, ilipeleka masomo kwa redio, runinga, YouTube na hifadhi yake ya Kenya Education Cloud. Julai puto za Loon za Alphabet, kampuni mama ya Google, zilianza kurusha intaneti juu ya sehemu za Kenya; kufikia Januari 2021 mradi ulikuwa umetangaza kufungwa. Ndani ya Kajiado moja kulikuwa na nchi mbili: nyumba za Kitengela zenye waifai, na manyatta za kuelekea Shompole ambako mtoto alichunga mbuzi hadi shule zilipofunguliwa. Redio, chombo cha enzi ya KIE, ndiyo iliyofika mbali zaidi.

Nikihukumu historia hii nzima, nasema kilichoshinda ni faili iliyopakuliwa mara moja ikabebwa kwenye flashi. BRCK, kampuni ya Nairobi, ililielewa hilo mwaka 2015 ilipotengeneza sanduku gumu lenye tabiti 40 na masomo yaliyohifadhiwa ndani, yasiyongoja mtandao. Kilichoshindwa ni kudhani kwamba maudhui yakishakuwepo somo limeshafanyika. Nyenzo karibu zote za sayansi ya ardhi ni za Kiingereza, na mifano yake ni ya California na Iceland. Na jambo ambalo hakuna tovuti itakayolisema lisipoandikwa na mtu wa hapa: kwamba maji ya visima vingi vya Kitengela yana floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, kwamba floraidi hiyo inatoka kwenye miamba ileile ya volkeno, na kwamba ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Konza, ilikoanzia reli ya magadi zaidi ya karne iliyopita, sasa ni jina la jiji la teknolojia na kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Mashine zipo, umbali wa saa moja kutoka Kitengela. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya ilianza Januari 2026, na Jiografia imewekwa kwenye mkondo wa Sayansi za Jamii, mbali na Fizikia na Kemia inazozihitaji. KICD ingeweza kufanya jambo moja la bei ndogo: kuchukua Baker, Matheson, Olorgesailie, Gelai na maji ya visima, kuviandika upya kwa lugha ya mwanafunzi, na kuviweka mahali pamoja chini ya jina la Kajiado. Hadi litakapofanyika, wewe mwalimu wa Jiografia wa Kitengela, Isinya au Bissil, usingoje waraka. Pakua ramani ya eneo lako shule zikiwa zimefungwa, ichapishe kubwa, na muhula ukifunguliwa anza nayo kabla ya kitabu.